Hoteli, Baa na Kiswahili katika Mpaka wa Busia na Malaba

Wataalamu wanaposimulia jinsi Kiswahili kilivyoenea kutoka pwani hadi bara, hutaja misafara, misheni, shule, majeshi na serikali. Nyumba ya kulia chakula haitajwi, au ikitajwa hutajwa kwa mzaha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika mpaka wa Kenya na Uganda, penye miji ya Busia na Malaba pamoja na viunga kama Mundika, hoteli na baa zimefanya kazi ambayo sera za lugha hazikuweza kuifanya, na kwamba ziliifanya kwa sababu iliyo rahisi kabisa: watu walilazimika kungoja.

Yafaa kwanza neno lenyewe lielezwe. Katika Kiswahili cha Kenya, hoteli ni mahali pa kula. Mtu aweza kula hotelini kwa miaka kumi asilale humo hata usiku mmoja, kwa kuwa vitanda havimo. Anayetaka kulala hutafuta lojingi au gesti. Mkahawa, neno ambalo wasanifu wa lugha hulipendelea, limetokana na kahawa, na pwani lina maana kamili, kwani huko kahawa hunywewa. Busia watu hunywa chai. Mwalimu wa shule ya msingi atawafundisha wanafunzi wake kuandika mkahawa, kisha saa nne atakwenda hotelini kunywa chai kwa mandazi. Hakuna kosa katika jambo hilo. Kuna historia.

Historia hiyo huanza kabla ya mpaka. Upande wa mashariki wa Busia uko mji wa Mumias, uliokuwa makao ya Nabongo Mumia, na kabla yake ulijulikana na wasafiri kwa jina la Kwa Sundu, yaani kwa Shiundu, baba yake Mumia. Joseph Thomson alifika hapo mwaka 1883. Mwezi wa Oktoba 1885 Askofu James Hannington aliwaacha hapo wengi wa watu wa msafara wake, akaendelea na wachache kuelekea Busoga, ambako aliuawa tarehe 29 ya mwezi huo. Wanahistoria wamemwandika sana askofu. Wapagazi waliobaki nyuma hawakuandikwa sana, nao ndio wanaohusika hapa, kwa kuwa walikuwa wakingoja, na anayengoja lazima ale. Msafara wa pwani ulimpa mpagazi posho yake, ambayo kwa kawaida ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, au shanga na nguo za kununulia chakula kwa wenyeji. Mumias palikuwa mahali pa kupumzika, pa kununua unga na kujiandaa kwa safari ya mbele. Biashara ya chakula kati ya mpishi wa Kiluhya na mlaji asemaye Kiswahili ilikuwapo, basi, kabla ya Mwingereza kufungua ofisi yake hapo katika miaka ya 1890.

Neno posho lilikwenda na misafara hiyo hadi Uganda, na huko likafanya jambo la ajabu. Pwani na Kenya posho ni chakula anachogawiwa mtu kwa siku au kwa juma, na siku hizi hata fedha anazolipwa mtumishi akiwa safarini. Uganda posho ni ugali. Sababu inaonekana wazi: askari, mpagazi, mfungwa na mwanafunzi wa bweni walipewa unga wa mahindi kuwa chakula chao, na jina la mgao likakishika chakula chenyewe. Nchini Kenya neno lilisimama katikati ya njia. Mahindi hupelekwa kwenye kinu cha posho, lakini unga ukisha kuingia sufuriani huitwa ugali. Mtu anayetembea hatua mia chache kutoka Busia ya Kenya hadi Busia ya Uganda huvuka pia mpaka huu wa maana, na sahani yake haibadiliki hata chembe.

Mpaka wa kisiasa ulikuja baadaye. Tarehe 1 Aprili 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulitolewa ukaunganishwa na Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Wateso na Wasamia walijikuta wamegawanywa, ndugu huku na ndugu kule. Chini ya mtawala mmoja mgawanyo huo haukuwa mzito sana. Reli iliyopita Eldoret ilivukia Malaba, na kufikia mwaka 1931 garimoshi liliweza kutoka Mombasa hadi Kampala. Pamoja na reli yalikuja maduka ya Wahindi, na pamoja na maduka zikaja chapati, sambusa na chai ya maziwa, vyakula ambavyo Kiswahili kilikwisha kuvipa majina zamani. Ndipo ilipozaliwa orodha ya hoteli kama ilivyo hadi leo: chai, mandazi, chapati, maharagwe, ugali, nyama, samaki. Nusu yake imetoka pwani na ng'ambo, nusu imetoka katika mashamba ya jirani na Ziwa Viktoria.

Hapa inafaa kuitazama Buganda kidogo, ingawa iko mbali na Busia, kwa sababu barabara na reli zilielekea huko. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika elimu na utawala wa Uganda. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa aliandika kulipinga jambo hilo, akiogopa kwamba Luganda ingedhoofika. Hofu yake ilikuwa na msingi, na Mswahili asiikebehi. Hata hivyo, lugha ambayo barazani ilikataliwa ilikuwa imekwisha kuingia jikoni. Sahani katika Luganda ni essowaani, sufuria ni essefuliya, birika ni bbinika, kijiko ni ekijiiko, na meza ni emmeeza. Vyombo vilikuja na majina yake, wala hakuna baraza lililoombwa kibali. Kwa mtafiti wa maneno ya mkopo, orodha hii fupi ina thamani kuliko hati nyingi za serikali. Huonyesha kwamba lugha iliingia kwa mlango wa nyuma, ulio karibu na moto.

Uganda ilipata uhuru wake tarehe 9 Oktoba 1962 na Kenya tarehe 12 Desemba 1963. Mpaka ukaanza kuwa mpaka kweli. Pakawa na vizuizi viwili, na kati yake eneo ambalo abiria alipaswa kulivuka kwa miguu na mizigo yake. Ndipo, kama inavyosimuliwa na wengi, vijana wenye baiskeli walipoanza kuwabeba watu kutoka kizuizi kimoja hadi cha pili huku wakiita "boda boda", na neno hilo la Busia limeenea Afrika Mashariki nzima. Vijana hao walikuwa wateja wa kwanza wa hoteli asubuhi na wa mwisho jioni. Wateja wakubwa zaidi, hata hivyo, walikuwa madereva wa malori na mataniboi wao. Lori lililofika likiwa na shehena ya Kampala, Kigali au mashariki ya Kongo liliegeshwa mpaka karatasi zake zipite kwa wakala, kwa ofisa wa forodha wa Kenya, kisha kwa mwenzake wa Uganda. Shughuli hiyo iliweza kuchukua siku. Dereva hakuweza kwenda mbali, kwa kuwa mzigo haukuweza kuachwa. Basi alikula mahali pamoja asubuhi, mchana na jioni, kwa mama mmoja, ambaye alimkopesha akiwa hana fedha na kumwekea kipande cha samaki akichelewa.

Katika kungoja huko ndipo Kiswahili kilipofanya kazi. Mpishi alikuwa Mteso, Mkhayo, Msamia au Mjaluo. Mlaji alikuwa Mkamba, Msomali, Mganda, Mnyarwanda. Hakuna lugha nyingine iliyowatosha wote. Uchunguzi wa lugha nchini Uganda uliochapishwa mwaka 1972 na Peter Ladefoged na wenzake ulionyesha kwamba wanaume walioweza kuzungumza Kiswahili walikuwa wengi kupita wanawake kwa mbali sana. Jambo hilo lilielezeka: wanaume ndio waliosafiri, walioajiriwa mbali, walioingia jeshini. Lakini mwanamke wa hoteli ya mpakani hakusafiri popote. Safari ilimjia yeye mezani. Akajifunza Kiswahili cha bei, cha deni, cha mzaha na cha kumfukuza mlevi kwa adabu, na akawafundisha wasichana waliomsaidia kuosha vyombo. Ni shule isiyokuwa na sajili, na kwa hiyo haimo katika takwimu.

Kiswahili hicho hakikuwa sanifu, na wapo wanaokisikitikia. Mfano unaotajwa mara kwa mara ni wa mhudumu anayepaza sauti kuelekea jikoni: "Ugali mbili, samaki moja!" Msahihishaji hushtuka, kwa kuwa samaki ni mnyama, naye astahili kuwa mmoja. Lakini sauti hiyo ikisikilizwa vizuri, kuna neno lililofichika ndani yake, nalo ni sahani: sahani mbili za ugali, sahani moja ya samaki. Samaki akiwa ziwani ni mmoja, akiwa mezani ni moja. Mhudumu hahesabu viumbe, ahesabu sahani, na mpishi hamwelewi vibaya hata siku moja. Huenda wanasarufi wangepata faida zaidi kukaa saa moja karibu na dirisha la jikoni kuliko kuandika orodha nyingine ya makosa.

Miaka ya Idi Amin, kuanzia Januari 1971 hadi Aprili 1979, ilikuwa ya shida kwa Uganda na ya fedha nyingi kwa mpaka. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa, na maduka yao yakagawiwa watu waliokuwa karibu na serikali. Matajiri hao wapya waliitwa mafuta mingi. Mwanasarufi angetaka mafuta mengi, lakini jina ni mafuta mingi, na halisahihishiki tena. Inafaa kuangaliwa kwamba utajiri ulipewa jina la chakula na unene, na kwamba jina hilo lilikuwa la Kiswahili katika nchi ambayo Kiswahili hakikuwa lugha mama ya wengi. Mwaka 1973 Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Tangazo hilo halikukisaidia. Raia wengi walikuwa wakikisikia Kiswahili katika kinywa cha askari mwenye bunduki kizuizini, na chuki ya askari ikaishika lugha. Mapema katika miaka ya 1980 maneno panda gari yaliwatia watu hofu, kwani ndiyo yaliyoambatana na misako ya majeshi.

Wakati huo huo magendo yalishamiri. Baridi kali iliyoharibu mibuni ya Brazil mwezi wa Julai 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani, na kahawa ya Uganda ikavuka mpaka kwa magunia, hasa usiku. Soko la Chepkube, lililoko kaskazini kuelekea Mlima Elgon, lilipata umaarufu kwa biashara hiyo. Mikahawa ya mpakani ilistawi kwa kahawa ambayo hakuna aliyeinywa. Wenye magunia walikula, walikunywa na kulipa bila kuuliza chenji. Lakini jambo linalostahili kukumbukwa ni kwamba Mganda aliyeuogopa Kiswahili cha kizuizini alikitumia kwa hiari alipofika mezani. Lugha ileile, maneno yaleyale, lakini huku ilimwamuru ashuke garini na kule ilimwuliza atakula nini. Wanaosema kwamba Waganda wanakichukia Kiswahili wangepaswa kwanza kuuliza walikisikia wapi.

Kuhusu baa, mambo yana mchanganyiko zaidi. Wakati wa ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kununua bia ya chupa mpaka baada ya Vita Vikuu vya Pili, na kwa hiyo baa yenye kaunta, kreti na muziki ni ya juzi. Kinywaji cha zamani ni cha nafaka. Wateso wanakiita ajon, na Waluhya wanakiita amalwa au, katika lugha ya mjini, busaa. Ajon huwekwa katika chungu kimoja, hutiwa maji ya moto, na wanywaji hukizunguka kila mmoja na mrija wake mrefu. Desturi hii huendelea katika nchi ya Malaba, pande zote mbili za mpaka, na mgeni aliyealikwa hupewa mrija na nafasi ya kuketi. Haifai kunywa kwa haraka, wala kutazama ndani ya chungu kana kwamba mtu anapima kilichobaki. Kwa kuwa chungu ni kimoja, mazungumzo nayo huwa mamoja. Akiwapo asiyejua Kiteso, wenzake huhamia Kiswahili, kisha wakisahau hurudi kwao.

Kinywaji kikali kina kisa kingine. Kilichoitwa chang'aa nchini Kenya ni jamaa wa karibu wa enguli ya Uganda. Uganda ilipitisha Sheria ya Enguli mwaka 1965, ambayo ilitaka wapikaji wawe na leseni na pombe yao iuzwe kiwandani ikasafishwe, na kutokana na mpango huo ikapatikana Uganda Waragi ya chupa. Kenya ilishika njia ya kukataza: amri ya mwaka 1978 dhidi ya pombe za kienyeji, kisha Sheria ya Kupiga Marufuku Chang'aa ya mwaka 1980, iliyodumu mpaka sheria ya vileo ya mwaka 2010 ilipoiondoa. Kwa muda wa miaka thelathini, basi, kitu ambacho ng'ambo ya kizuizi kilikuwa na lebo na kodi, upande wa huku kilikuwa na msako na faini. Mama aliyekipika nyuma ya nyumba yake alikamatwa mbele ya baa iliyouza ndugu yake wa chupa. Waliolipa gharama ya tofauti hiyo walikuwa wanawake hasa, wengi wao wakiwa wanasomesha watoto kwa fedha hizo. Jina waragi hudaiwa na wengi kuwa ni la Kiingereza, eti gini ya vita. Dai hilo linafurahisha, lakini neno la Kiarabu araki, lililoweza kufika Uganda pamoja na askari wa Kinubi wa karne ya 19, lina haki zaidi ya kuitwa asili yake. Masimulizi ya namna hiyo huzuka kila mahali penye chupa. Hata rolex, yaani mayai yaliyokunjwa ndani ya chapati, ambayo imetoka Uganda na sasa hukaangwa kandokando ya barabara za Busia ya Kenya pia, hupewa asili mbili: ya saa ya mkononi na ya maneno ya Kiingereza ya mayai ya kukunja.

Msafiri anayetaka kuijua sehemu hii kwa ulimi wake hahitaji hoteli ya ghorofa. Atazame mahali palipoegeshwa malori, aingie. Aulize ugali wa mtama na mhogo, wenye rangi ya udongo, aukandamize kwa vidole na kuula kwa samaki wa ziwani au kuku wa kienyeji. Dagaa atawasikia wakiitwa omena na Mjaluo na mukene na Mganda, na wote watakuwa katika sufuria moja. Upande wa pili ataletewa matoke kwa mchuzi wa njugu. Mundika, palipo mbali kidogo na kelele za forodha, penye shule ya sekondari inayojulikana, hoteli ni ndogo na wateja ni walimu, waendesha bodaboda na wazazi waliokuja kuwaona watoto. Huko mhudumu huanza kwa Kiluhya na kugeukia Kiswahili akiona mgeni. Karibu na kizuizi huanza kwa Kiswahili. Tofauti hiyo ndogo huonyesha mpaka wa kweli ulipo.

Kungoja kumepungua. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977 ilifufuliwa kwa mkataba uliotiwa sahihi tarehe 30 Novemba 1999. Kuanzia mwaka 2014 mpango wa eneo moja la forodha uliwezesha kodi ya mizigo mingi kulipwa kabla shehena haijafika mpakani, na tarehe 24 Februari 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia. Katika utaratibu huo gari halisimami mara mbili: hukaguliwa katika nchi linayoingia tu. Misongamano haikwisha. Mwaka 2020, madereva walipopimwa virusi vya korona, malori yalipanga foleni ndefu mno Malaba, na mapema mwaka 2022 jambo hilo likajirudia. Lakini hizo zilikuwa dharura. Kwa siku za kawaida hesabu ya mama wa hoteli imebadilika, na waliobuni mpango huo hawakuwa na sababu ya kumfikiria. Ni vigumu kuutetea ucheleweshaji, na hakuna dereva atakayefanya hivyo. Hata hivyo, wanaochunguza Kiswahili cha Uganda wangefanya vema kwenda mpakani sasa na vinasasauti vyao. Bunge la Uganda lilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili kwa mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005, na mwezi wa Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Kiswahili hicho kitakuwa na vitabu. Kile cha dirisha la jikoni hakina.

Utaratibu mpya umeleta mpangilio ambao haukukusudiwa na yeyote. Dereva aendaye magharibi hupita Busia ya Kenya bila kusimama, akasimama ng'ambo, na njaa ikimshika huko huagiza posho. Akirudi baada ya siku kadhaa, na lori likiwa tupu, husimamishwa upande wa Kenya. Huegesha, huingia hotelini, humsalimu mama, hulipa deni la safari iliyopita, na huagiza ugali.